Klabu ya Wachimba Makaa

Jumamosi hiyo ya mwaka 2010 tulikuwa tunacheza mechi ya kawaida ya wahamiaji pale Bellevue, mtaa wetu wa kusini mwa Afrika, Wakongo dhidi ya Warundi, wakala mmoja wa wachezaji aliponiita pembeni. Klabu moja ya mashariki mwa Ukraine ilikuwa inatafuta beki wa kushoto. Mama, aliyekimbia vita Uvira, kwetu Kongo, na kisha akafukuzwa mtaa wa Jeppestown mwaka 2008 wageni walipokuwa wanapigwa, hakufikiri mara mbili.

"Uende, mutoto wangu. Kule hakuna vita."

Mimi ni mtu wa kuuliza uliza, kwa hiyo nilifurahia kuichunguza klabu ile. Mmiliki wake alikuwa tajiri wa mgodi wa makaa ya mawe. Kila tulipofanya vizuri aliongeza kitu: basi jipya, taa za uwanja, bakuli la machungwa baada ya mazoezi. Msimu wa tatu tulipanda ligi kuu, na mji mzima ukalewa. Petro, mzee aliyetunza jezi, alinifundisha Kirusi kwenye chumba cha kufulia huku akiyacheka matamshi yangu.

Mwaka 2014 watu wenye silaha waliushika mji. Hapo nikagundua kwamba klabu haifi kwa siku moja. Kwanza yalipotea machungwa. Kisha daktari. Kisha tajiri akawa hapokei simu. Tulibaki wachezaji kumi na mmoja, wakiwemo Wabrazili wawili, na tuliendelea na mazoezi kwa sababu hakuna aliyetuambia tuache.

Halafu mizinga ikaanza.

Kitabu changu cha kusafiria cha mkimbizi kilikuwa kimefungiwa kabatini, ofisini uwanjani. Bila hicho nisingepita hata kizuizi cha kwanza. Ufunguo alikuwa nao Petro.

"Kaa hapa getini," aliniambia. "Wewe, ngozi yako inaonekana hata kwa mbali."

Alirudi mbio, akanipa kitabu.

"Bado vya wale Wabrazili wawili," akasema, akaingia tena.

Kombora likaangukia ofisi.

Nilimwita. Nikasubiri. Kisha nikakimbia.

Nyumbani Bellevue, Mama alinisikiliza hadi mwisho. Alitaka Petro aombewe kanisani.

"Jina yake yote ni nani?"

Sijawahi kuona aibu kama ile. Kwa miaka minne nilimuuliza yule mzee kila kitu, hadi sabuni aliyofulia. Hilo sikumuuliza. Jumapili walimwombea Petro wa Ukraine, basi, na mimi nililia mbele za watu.