Farasi Asiyemwaga Chai

Kabla kaka yangu hajarudi na farasi, mimi ndiye niliyekuwa nampeleka mama kanisani. Nina pikipiki na sina safari nyingine. Hapa Ihanda wananitania kwamba nikifika hapo Mpemba tu najiona nimesafiri. Wenzangu walipomaliza sekondari walikimbilia Tunduma, wengine kwenye dhahabu ya Saza. Mimi nilibaki na kahawa, mahindi na mama. Mgongo wake ni mbovu na njia yetu ina makorongo, kwa hiyo kila Jumapili alikuwa akiguna nyuma yangu mpaka tunafika, nami niliizoea ile miguno kama redio.

Kaka alikuwa Zambia miaka mingi, akitunza farasi kwenye shamba la mtu. Shamba lilipouzwa, akapewa farasi mmoja kuwa kiinua mgongo. Jike, rangi ya kahawia, macho yenye upole wa kuudhi.

"Mama," alisema siku ya kwanza, hata maji hajanywa, "huyu harushi mtu."

Akaeleza, nami nikasikiliza huku najifanya natafuta spana. Farasi wengi wakianza kukimbia hutupa miguu miwili kwa pamoja, wa mbele kulia na wa nyuma kushoto, kisha ile mingine. Katikati hapo mnyama mzima yuko hewani, na akitua, uti wako wa mgongo ndio unaompokea. Lakini farasi wa milima ya Lesotho, ukoo wa huyu, wengine huzaliwa na mwendo wao: mguu mmoja mmoja, wa nyuma halafu wa mbele wa upande uleule, kisha upande wa pili. Wakati wote kuna mguu uliokanyaga chini. Mgongo unatulia.

"Maneno hayo," nikasema. "Tuone na chai."

Kikombe nilikijaza mwenyewe mpaka ukingoni, kwa roho mbaya kabisa. Kaka akapanda, akakishika, akauzunguka uwanja wetu kwa kasi ya baiskeli. Akarudi, akainywa ile chai mbele yetu bila haraka. Akaomba na sukari.

Mama alipiga makofi. Mimi sijawahi kupigiwa makofi kwa kumfikisha kanisani.

"Na mimi nipande," nikasema.

"Sawa, mdogo wangu, ila usimvute mdomo wala usimpige visigino. Kaa tu."

Kukaa tu ndiyo kazi ninayoiweza kuliko ukoo mzima, lakini siku hiyo ilinishinda. Nilimwona mzito kuondoka, nikampiga kisigino kama ninavyopiga kiki pikipiki yangu. Akashtuka, akauacha mwendo wake, akashika ule wa miguu miwili. Nikarushwa, nikatua, nikarushwa tena. Kofia ikaenda zake, meno yakagongana, na mdomoni ukanitoka mguno ninaoujua vizuri sana.

"Umeusikia, baba?" mama aliniita huku akifuta machozi ya kicheko. "Huo ndio wimbo wangu wa kila Jumapili!"

Nilishuka, nikaokota kofia. "Kwa hiyo Jumapili hii?"

"Nakwenda na farasi."

"Huyo anaogopa malori. Barabara kuu hawezi kuvuka!"

"Kanisa liko hukuhuku. Siku ya kuvuka barabara tutakutafuta." Akaniona nilivyonuna. "Wewe tangulia. Mnyama mwenyewe mrefu, na kaka yako atakuwa ameshika kamba. Nani atanishusha?"

Jumapili nilisimama mlangoni pa kanisa na shati langu lililopigwa pasi. Wakaja, kaka akiongoza kwa miguu, mama juu amekaa upande, hata kilemba hakijasogea. Wanakwaya walitoka nje kutazama. Walimsalimia farasi, wakamsalimia kaka. Mimi waliniambia nisogee, nawakinga wasione.

Farasi akasimama mbele yangu. Nikanyoosha mikono. Mama akaniegemea shingoni, mzito kuliko nilivyowahi kujua, maana kwenye pikipiki uzito wote huubeba siti.

"Taratibu," akaninong'oneza. "Usinirushe."

Nikamshusha, mguu mmoja, halafu wa pili.