Mahindi yangu yalifyekwa Ziwani siku mbili kabla ya wakwe kuja

Wakuu, mko salama? Mimi ni mzee mstaafu wa Donholm. Kama ningetaka kudanganya ningechagua hadithi ambayo mimi si mjinga ndani yake.

Juzi kijana wangu alinipeleka seminar ya permaculture. Mtaalamu alikuwa na gumboots ambazo hazijawahi kuona matope. Akatuchorea ubaoni: funika udongo, changanya mimea, maji ya vyombo yasipotee, taka za jikoni zirudi shambani. Watu wanaandika kama wako kwa mtihani.

Mimi sikuandika. Ile picha naijua. Ni nyuma ya nyumba ya Mama Awino, mtaa wa Ziwani hapa Nairobi, mwanzo wa miaka ya themanini.

Wakati huo nilikuwa karani wa stoo huko Industrial Area, na nilikuwa nataka kumuoa Wanjiru wa Murang'a. Sisi tuna desturi: kabla binti hajatolewa, wazee wake wanakuja kuona itara, yaani kuhakikisha huko anakoenda kuna chakula. Na mimi kwa mdomo wangu nilikuwa nimemwambia baba yake nina shamba Nairobi.

Shamba lenyewe ungeliruka bila kupasua suruali. Lakini nilikuwa nimelipanga. Mahindi mistari mitatu, nimenyoosha kwa kamba. Gugu likichomoza nang'oa. Udongo nafagia, ndiyo, kwa ufagio, kila asubuhi kabla ya kazi.

Mama Awino, jirani yangu muuza omena, kwake ilikuwa fujo tupu. Managu yamejiotea, kunde imeparamia ua, malenge yamefika paa la jikoni. Nyasi kavu zimetapakaa chini. Maji ya vyombo ameyachimbia kamfereji, maganda na majivu anafukia humo humo.

Nikamwambia kama msomi, "Mama, hiki kichaka kitakuletea nyoka."

"Profesa," akasema, "na wewe huo udongo unaufagia, kuna mgeni atalala hapo?"

Sasa, enzi hizo mahindi mtaani yalikuwa hayaruhusiwi. Baraza la jiji lilisema yanaleta mbu na kuficha wezi. Ijumaa nikitoka kazini nikakuta watu wa baraza wamepita na slasha. Mistari yangu mitatu imelala chini, bado imenyooka.

Nilikaa kwa mlango nikalia. Wakwe walikuwa wanakuja Jumapili.

Kwa Mama Awino hawakugusa hata jani. Walimwambia tu akipata nafasi afyeke hicho kichaka. Hawakujua ni shamba.

Basi nikameza kiburi, nikaenda kumwomba aniazime shamba kwa siku moja. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Chukua. Lakini usifagie."

Jumapili mzee, baba yake Wanjiru, alikula managu na malenge, akaongeza, halafu akasema twende tuone shamba. Wanjiru, aliyekuja nao, alinitazama. Yeye alikuwa anajua kila kitu.

Mzee akachutama, akainua nyasi kavu, akashika udongo. Mweusi, una minyoo.

"Nani alikufundisha kufunika hivi?"

"Nilifikiria tu mwenyewe, baba."

"Na hapo palipofagiwa ni pa nani?"

"Ni pa jirani. Hajui kulima."

Wakuu, hapo ningenyamaza tungekuwa tumemaliza. Lakini mzee akashika mmea fulani, akauliza hii ni nini, kwao haiko. Mimi pia sikuwa nimewahi kuuona kwetu. Nikajibu kwa ujasiri kwamba ni gugu, nitaling'oa kesho.

Nyuma ya nguo zilizoanikwa ikatoka sauti. "Ng'oa huo mrenda wangu uone."

Mzee alimwangalia Mama Awino, akaniangalia mimi, akaangalia pale palipofagiwa na vile visiki vya mahindi. Alirudi ndani, akachukua jogoo aliyekuwa ameniletea, akampa Mama Awino.

Kisha akaniambia, "Binti yangu nitakupa. Lakini kwanza ulime kwa huyu mama msimu mmoja, na yeye ndiye atakayenitumia habari kama umeiva."

Nilibeba maji ya vyombo ya Mama Awino msimu mzima. Mrenda nao niliula, mpaka leo naupenda. Harusi ikaja baadaye.

Funzo ni kwamba kabla hujamwita mtu mchafu, uliza anakula nini. Na vijana wa seminar, fundisheni, ni vizuri, ila msituambie mmeivumbua.

Nirushieni mawe. Ila kwanza kila mtu ataje gugu aliloling'oa kisha akaambiwa ni mboga.

Cheti nilichopewa kwenye seminar nilimwonyesha Wanjiru. Alivaa miwani, akakisoma pole pole mpaka chini, akauliza mbona Mama Awino hajatia sahihi.