Kamba wa Kisima cha Bi Zuhura

Juzi, kwenye simu ya binti yangu, niliona video ya kamba weupe wasio na macho, wanaoishi katika maji ya chini ya ardhi. Nikacheka peke yangu.

Utotoni tulichota maji kwenye kisima cha jirani yetu wa Kaloleni, Bi Zuhura, mtu aliyehamia kutoka Pwani. Kilinukia mawe yaliyolowa na kutu ya ndoo. Siku moja alichungulia ndoo yangu, akashtuka. “Lo, kamba huyu! Mrudishe kisimani, mwanangu.”

Kwetu sisi wa milimani, “mrudishe” na “irudishe” yalikuwa mamoja, na kamba niliyoijua ni ile ya kufungia ndoo. Nikaifungua, nikaitupa kisimani. Hatukuwa na nyingine.

Nilingoja kofi. Bi Zuhura alicheka hadi leso ikamwanguka, kisha akanionyesha ndani ya ndoo: kidudu cheupe, kama punje ya mchele.

“Hana macho,” alisema, akimmimina kisimani taratibu, “lakini kwao anakujua.”

Kisima kile kilishafukiwa, na juu yake pana duka. Nikipita hapo hukanyaga polepole. Chini wamo kamba wawili, wake na wangu.