Programu ya Hodan ilivyoamua kesi ya ngamia

Bila mimi, soko la ngamia la Garissa lingefungwa.

Leo nimebishana na mzee wa Hulugho juu ya ngamia mmoja. Kila mmoja wetu anasema ni wake.

Hodan, binti ya kaka yangu, ametengeneza programu. Unaitumia picha ya chapa ya ngamia, inakutajia mwenye ngamia huyo. Inalala kwenye kompyuta za mbali mpaka uiite, na zamani ikiamka umeshamaliza chai.

"Adeer," Hodan akaniita, yaani ami kwa Kisomali, "nimeiwekea injini nyepesi ya JavaScript, lugha ya kompyuta. Sasa inaamka mara moja."

Nikaituma picha ya chapa ya yule ngamia. Wallahi, kidole hakijatoka kwenye simu, jibu limeingia. Subhanallah, umeme wa mbinguni unaishinda kidogo tu.

"Haya, inasema nini?" mzee akauliza.

Nikatamani ile ya zamani, nipate muda wa kutafuta maneno.

Ngamia ni wa mzee. Wangu nilimwacha nyumbani.