Heshima Iliyomkalisha Baba Turgun

Heshima ya mtaa wetu hapa mjini Margilan inanitia kichefuchefu, na bora niseme tangu mwanzo.

Baba mkwe wangu, Turgun, alifuma hariri miaka arobaini. Moyo ulipochoka miguu ikavimba, akawa anahema hata akivaa shati. Daktari akampa dawa, akampunguzia chumvi, kisha akamwagiza mazoezi: kusimama na kukaa kitini mara kumi, halafu kutembea, kila siku akiongeza kidogo. Kazi ya kuhesabu hatua ikawa yangu. Wiki ya kwanza aliishia langoni, kaegemea ukuta. Wiki ya saba alifika kwenye tanuri la mkate, hatua mia mbili, akarudi na mkate wa moto kwapani.

"Mwanangu, leo nimekununulia mimi," akasema. "Zoea kuhudumiwa."

Hakutaka kingine duniani ila kwenda tanurini kwa miguu yake.

Majirani wakaona. Kwetu mzee mwenye wana hukaa juu ya mito akaletewa kila kitu. Jioni mume wangu, Botir, akarudi kanuna.

"Mama Nodir, unamtuma baba yangu mkate?"

"Simtumi. Ni dawa yake, daktari kasema."

"Huyo daktari anaishi mtaa huu? Watu wananiuliza kama wana wote watatu tumekufa."

"Niulize mimi," Baba akasema kutoka barazani. "Miguu ni yangu."

"Baba, wewe pumzika. Sisi ulituzaa wa nini?"

Akachukua viatu vya mzee akavifungia kabatini. Botir huyo, ambaye hata maji ya kunywa hajawahi kujichotea. Wadogo zake wakaja na pilau ya chumvi tele, inayoogelea katika mafuta ya mkia wa kondoo, wakamlisha kwa mkono, tonge kwa tonge. Niliwakumbusha chumvi aliyokatazwa, nikanyamazishwa. Baba naye alimeza, maana kukataa tonge la mwanao ni kumwaibisha mbele za watu. Nikaichukia hata harufu ya pilau ile.

Haukupita mwezi, miguu ikajaa maji tena. Ukibonyeza kidole panabaki shimo. Jana alitaka kwenda msalani. Wanawe wawili wakambeba kupita uani, mwenyewe kafumba macho kwa aibu. Jirani aliyesimama langoni akawatazama, machozi yakimlenga.

"Mungu ampe kila mtu wana kama hawa," akasema.