Pete ya Ndani

Ganda la risasi lilitoka nusu. Delmar Kvamme alivuta komeo la bunduki yake akitegemea ganda tupu liruke na kuangukia mezani kama siku zote, kikadondoka kitako peke yake, kimekatika mviringo kana kwamba mtu kakipitishia kisu. Sehemu iliyobaki iling'ang'ania ndani ya mtutu. Moshi ukampuliza shavuni, kidogo tu. Watu wote wa uwanja wa shabaha wakageuka kumtazama, maana yeye ndiye waliyempelekea maganda yao kila vuli awachagulie kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa.

"Labda siku ile ulichagua huku unasinzia," alisema Verlin Roholt, rafiki yake tangu shuleni, ambaye nadhani alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka. "Hata mchungaji hukosea sala."

"Mimi sisinzii, Verlin. Wewe ndiye unayesinzia, na ni kanisani."

Watu wakacheka, lakini Delmar alifungasha vitu vyake mapema akarudi nyumbani kichwa kimemvurugika.

Pande zile za Montana, Marekani, watu hawatupi kitu kinachoweza kutumika tena. Ganda la shaba likishapigwa huoshwa, huwekewa fataki mpya ya kuwashia na baruti mpya, likarudi kazini, na hivyo tena na tena. Ila kila mshindo hulivuta kidogo, na ukuta wake hukonda pale juu tu ya kitako, upande wa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Wageni wa kazi hii huona pete inayong'aa kwa nje wakalitupa ganda zima, kumbe pengine ni mkwaruzo tu wa kalibu inayolirudisha kwenye umbo lake. Delmar aliwacheka watu wa namna hiyo maisha yake yote, tena bila huruma. Yeye alikuwa na waya, ncha yake imepindwa na kunolewa kwa tupa. Aliutumbukiza mpaka chini, akauvuta polepole ukipapasa ukuta. Ncha ikizama kwenye mfereji, ganda limekwisha, na hapo hapo aliuponda mdomo wake kwa plaizi ili asije mtu mwenye tamaa akaliokota. Siri ya ganda aijuaye waya, ndivyo alivyozoea kusema.

Sasa lile lililokatika yeye mwenyewe alilipitisha. Ilikuwaje?

Kwanza aliishuku bunduki. Akaipeleka kwa fundi, fundi akakitoa kipande kilichokwama, akapima huku na huku, akasema bunduki haina neno. Kisha akaushuku waya, akatengeneza mwingine kwa kiango cha nguo, na mwingine kwa njiti ya gurudumu la baiskeli ambayo mwenyewe alikuwa bado anaipanda. Nyaya zote tatu zilimwambia maganda yote ni mazima. Zamani habari hiyo ingemfurahisha. Safari hii ilimtia hofu, na hakujua hofu hiyo aiweke wapi.

Na hofu ilikuwa na jina. Binti yake Joleen, aliyeolewa upande wa pili wa bonde, alikuwa ameshachukua risasi zake za mwaka huu, zilizojazwa kwenye maganda ya fungu lile lile. Jumamosi msimu ungefunguliwa, naye angepanda mlimani na kulaza shavu lake juu ya bunduki. Ganda likikatika vibaya, moto hurudi nyuma usoni. Delmar alilijua hilo kuliko mtu yeyote bondeni, na bado tangu Jumapili ile ya uwanjani alikuwa akijiambia kwamba ganda moja bovu halimtoi fundi kwenye ufundi wake.

Alhamisi mkewe Ardis alichoka kumwona akizunguka. Kazi ya Ardis siku zote ilikuwa kuweka fataki tu, kuchagua hakugusa. Siku hiyo aliisukuma pembeni sahani ya soseji za kulungu, akavuta bakuli la maganda yaliyokwisha kupitishwa, akachukua waya.

"Hili lina mfereji," alisema.

"Halina."

"Waya umezama, Delmar. Nimesikia mpaka kwenye meno."

"Umeona ile pete ya nje ukajitisha. Ya nje ni mkwaruzo tu, nimekwambia mara ngapi?"

"Ya nje sijaiangalia. Nimefumba macho, kama ulivyonifundisha mwenyewe."

Delmar akalichukua, akafumba macho, akavuta waya. Laini kabisa, kama ndani ya kikombe. Akamtazama mkewe kwa wasiwasi. Alianza kufikiri kwamba huyu mama uzee umemwingia, akaona huruma, hata akataka kumshika bega.

Ardis hakutaka kushikwa bega. Alikwenda chumbani akarudi na kichupa cha rangi ya kucha, akampa mgongo, akatia alama kwenye vitako vya maganda mawili matatu, akayachanganya na mengine. "Haya, hukumu. Vitako usiangalie."

"Zima," alisema Delmar. "Zima. Hili bovu. Zima. Zima hili. Bovu."

Ardis akawa anampa, anapokea, anachanganya, anampa tena. Mwishowe akaligeuza moja, akamwonyesha nukta nyekundu. "Hili umesema zima, ukasema bovu, ukasema zima. Limekufa likafufuka, mzee wangu. Mambo hayo tumwachie Lazaro."

Delmar hakucheka. Alilichukua ganda lile akatoka nalo hadi bandani, akalibana kwenye jiliwa, akalipasua kwa urefu kwa msumeno wa chuma. Ndiyo hukumu ya mwisho ya kazi hii, haina rufaa. Alipozigeuza zile nusu chini ya taa, mfereji ulikuwepo, mstari mweusi umezunguka ukuta juu kidogo ya kitako, na hapo shaba imebaki nyembamba kama karatasi. Mtoto angeuona.

Kwa hiyo Ardis alikuwa sahihi. Hilo angeweza kulimeza. Kilichomshinda ni kilichofuata. Aliuchukua waya, akauweka ndani ya ile nusu iliyo wazi, akauvuta huku akiangalia. Aliiona ncha ikizama. Aliiona ikikwama kwenye ukingo, ikapanda, ikaendelea. Kidole hakikusikia kitu. Akarudia. Akahamishia mkono wa kushoto, ikawa yale yale. Akaukandamiza ubapa wa dole gumba juu ya chuma cha jiliwa, na jioni ile ya Oktoba chuma lazima kilikuwa baridi, lakini akatambua kwamba anakijua kuwa baridi bila kukisikia. Daktari alikuwa amemwonya kwamba ugonjwa wake wa sukari huitia miguu ganzi, na miguu aliitunza kama mboni ya jicho. Mikono hakuna aliyeitaja.

Ardis alikuwa amesimama mlangoni. Aliona yote. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema.

"Koleo halijavunjika, Ardis. Kavunjika mhunzi."

Akaingia ndani kupiga simu. Njiani uongo ulikuwa umeshajitengeneza wenyewe mdomoni: baruti ya mwaka huu ilikuwa mbovu. Ulikuwa uongo mzuri, Joleen angezirudisha risasi, na jina la baba yake lingebaki palepale.

"Baba? Mbona unapiga saa hizi? Mama mzima?"

"Mama yako mzima kuliko mimi. Sikiliza. Zile risasi nilizokupa usiende nazo mlimani."

"Zina nini?"

Delmar akaufikiria ule uongo, akauona jinsi ulivyokaa vizuri. "Zenyewe sijui kama zina kitu," alisema, "na hiyo ndiyo shida. Vidole vyangu havisikii tena. Napitisha maganda yaliyokufa, mwanangu, na siyajui."

Joleen akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Tangu lini?"

Aibu Delmar alikuwa ameshajiandaa nayo, hilo swali hakulitegemea. Tangu Agosti? Tangu mwaka jana? Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho waya ulipomgonga mkononi, akagundua kwamba kwa muda mrefu amekuwa akikumbuka tu jinsi unavyogonga.

"Hata hilo sijui," alisema.

"Baba. Nani mwingine umempa?"

"Verlin," alisema Delmar. "Na kijana wa mchungaji. Wapwa wa mama yako, wote wawili. Yule mjane wa kule darajani." Kila jina lilileta jingine. Ardis, aliyekuwa ameanza kuosha vikombe, akafunga bomba ili asikie vizuri.