Abiria wa Kwenye Tangi

Mji mzima unasema baba yangu, aliyekuwa stesheni masta, ndiye aliyeiua stesheni yetu. Haya, leo mtanisikiliza mimi bintiye.

Stesheni ilijengwa juu ya kilima, kwa akili za nani sijui. Chini, karibu na soko, kukawekwa tangi, maana treni za zamani zilikuwa za mvuke na zilisimama pale kujaza maji. Watu wakapandia hapohapo. Nani akwee kilima na mzigo kichwani? Zikaja injini za dizeli zisizohitaji maji, lakini mazoea yana taabu. Dereva akaendelea kusimama pale dakika mbili, kinyume cha sheria, na kondakta akawakatia watu tiketi ndani. Mama yangu, miguu yake mibovu, alipandia hapo kila alipokwenda hospitali.

Dereva tulimwita Polepole. Alikuwa rafiki wa baba, ana watoto saba, na mwenzake wa njia nyingine alikuwa ameshafukuzwa kazi kwa kosa hilohilo.

Asubuhi moja mkaguzi kutoka makao makuu akaja na gari, bila taarifa. Akakaa kwenye benchi la stesheni na kalamu yake, kuhesabu abiria. Treni ilipofika, wakapanda watu sita. Kule chini, nyuma ya kilima, walikuwa wameshapanda zaidi ya hamsini.

Nilikuwa nawamiminia chai ofisini mkaguzi alipouliza, "Mzee, hawa ndio abiria wako wote?"

Baba alikoroga chai yake. "Ndio hao."

Mkaguzi akaandika, akaaga. Baba akanigeukia. "Mwanangu, ulichosikia hukusikia. Ukifungua mdomo, mtu anakosa kazi."

Miezi mitatu baadaye stesheni ikafungwa, eti haina abiria, treni ikaamriwa ipite moja kwa moja. Mama akawa anapanda lori, anarudi kachoka hoi, mwisho akaacha kwenda. Tulimzika mwaka uliofuata. Nilimkasirikia baba, sifichi. Watu walisema amekula hongo. Hata fundi viatu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliacha kumwitikia salamu. Baba alimsalimia vilevile kila siku. Polepole alistaafu salama na marupurupu yake yote.

Wiki iliyopita tumemzika baba. Polepole alikuja, akaketi nyuma kabisa. Mbele yake majirani wawili walikuwa wanamsengenya marehemu, eti aliuza stesheni, wala hawakupunguza sauti. Nikampelekea Polepole chai, nikainama, nikamwuliza kama ana la kusema. Akaniambia chai haina sukari.

Sukari! Nikamletea. Nilitamani kummwagia.

Ikafika zamu ya familia kusema neno. Nikasimama, nikiwa bado nimefungwa na agizo la baba.

"Baba alifanya kazi pale juu miaka ishirini na saba," nikasema. "Alisemwa sana, nanyi mnajua. Lakini hakuna mtu hata mmoja aliyepoteza kazi kwa sababu ya mdomo wake."

Nilimtazama Polepole mpaka nikamaliza. Kikombe kikamponyoka, akaangua kilio mbele za watu, mtu mzima na mvi zake. Wale majirani wawili wakageuka kumshika mabega, wakimwambia ajikaze, kazi ya Mungu haina makosa.